Balozi wa Nyuma ya Kuni

Kuna voisi moja ya WhatsApp ya Theopista wa Kilema, huko mlimani Kilimanjaro, ambayo imetembea kuliko hata yeye mwenyewe. Yaani imeshuka mpaka Pasua kwa wauza mitumba, imepita Bomang'ombe, imefika Dar, na yeye mwenyewe hajui. Inaanza jogoo anawika. Halafu ng'ombe anakohoa. Halafu ndiyo anaingia mwenyewe, sauti taratibu, kama mtu ameamka sasa hivi na bado yuko nusu kwenye ndoto:

"Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa. Huyo kwenye picha msimuue. Mwangalieni kichwa. Kichwa kikoje? Kidogo, chembamba, macho makubwa ya duara, na shingoni ana madoa meusi. Si mnayaona? Basi huyo ni wa migombani, anatafuta vyura wake. Rangi msiishikilie sana. Rangi ni nguo tu. Fungueni dirisha, mrudi nyuma, apite. Ana safari zake."

Imeisha. Sekunde chache tu. Lakini ukiisikiliza, presha inashuka, hata kama wewe nyoka hujawahi kumwona zaidi ya kwenye simu.

Sasa, mtu asidhani Theopista kazi yake ni nyoka. Hapana. Kazi yake ni ng'ombe wawili wa kufungia ndani, kahawa, na migomba iliyosongamana mpaka mwanga wa jua ukifika chini unakuwa wa kijani, kama uko ndani ya chupa. Nyoka walimkuta humo humo. Grupu la jumuiya liliundwa kwa ajili ya michango ya harusi na taarifa za misiba, lakini siku moja mtu akatuma picha ya nyoka chooni, Theopista akajibu, na tangu hapo ndiyo basi tena. Nyoka kwenye buti. Nyoka kwenye debe la pumba. Nyoka mdogo mweusi kama mnyoo kwenye samadi, ambaye Theopista alisema huyo hata macho haoni vizuri, mrudisheni alikokuwa analala.

Jirani yake Rachel ndiye anayemchosha. Rachel anaua kwanza, anapiga picha baadaye, halafu ndiyo anauliza.

"Dada Theo, huyu ni nani?"

"Rachel mdogo wangu, huyu alikuwa nyoka. Sasa ni vipande vitatu. Mimi nitamtambuaje?"

"Kipande cha katikati ndiyo kilikuwa kinanitisha."

Grupu zima linacheka siku mbili.

Ukimuuliza Theopista alianzia wapi, hajibu moja kwa moja. Anaangalia juu kwanza, upande ambao mlima ungekuwepo kama ukungu usingeumeza, halafu anaanza habari ya mfongo. Mfongo ni ule mfereji wa wazee, unaoshusha maji kutoka juu msituni mpaka kwenye vihamba, yale mashamba ya nyumbani ya watu. Alikuwa bado mtoto mdogo, bibi yake amempeleka kukata majani ya ng'ombe. Bibi anakata, mtoto amelala chali kwenye ukingo wa mfongo, miguu mitupu, maji yanaongea pembeni ya sikio lake. Si unajua maji ya mfongo yanavyoongea? Kama watu chumba cha pili ambao hawataki uwasikie. Akasinzia.

Akaamshwa na ubaridi. Kitu kinapita juu ya miguu yake, taratibu, kama mtu anavuta mtandio wa hariri kutoka mguu huu kwenda mguu ule. Akafungua macho, akaona kijani inayong'aa inatembea. Na yeye, mtoto wa watu, hata hakuogopa. Alidhani ni maji. Alidhani maji yamechoka kukaa mferejini, yameamua kutoka yatembee kidogo.

Bibi alikuwa amesimama na mundu wake. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Tulia. Anavuka."

Alivyomaliza kuvuka na majani yakatulia, bibi akauliza, "Ulimwona kichwa?"

"Hapana, bibi. Nimemwona mgongo."

"Basi hujamwona."

Hivyo tu, na bibi akarudi kukata majani. Lakini yale maneno yalibaki. Tangu siku hiyo Theopista akikutana na nyoka anasimama mbali, anatulia, anatafuta kichwa. Halafu macho. Halafu namna anavyoondoka, kwa sababu kuna anayekimbia, kuna anayetembea na mambo yake, na kuna ambaye haondoki kabisa. Huyo asiyeondoka, anasema Theopista, ndiye wa kumpisha wewe.

Nyumbani kwake kuna mmoja wa kudumu. Nyuma ya ghala la mahindi, pale kuni zinapopangwa ukutani, anakaa nyoka wa kahawia, mwembamba, ngozi laini kama imepakwa mafuta, na kichwani ana mistari miwili ya rangi ya maziwa, mmoja kila upande, inapita kwenye jicho. Jioni anatoka, anazunguka ghala, anakamata panya, anarudi. Theopista alimpa jina la Balozi, kama balozi wa nyumba kumi, kwa sababu anaingia kila mahali, anajua ya kila mtu, na hasalimii.

"Tena huyu ni bora," mume wake Melkior anapenda kusema. Melkior alikuwa mpagazi wa mlimani miaka mingi, sasa magoti yamekataa, amebaki na mdomo. "Wa kwetu akija anakula pilau yetu. Huyu anakula panya wetu."

"Baba Godwin, iko siku atakusikia."

"Nani, Balozi?"

"Wote wawili."

Tatizo lilikuwa mkwe wao, Evelyn, mke wa mtoto wao Godwin. Evelyn kazaliwa Dar, kakulia Dar, nyumba za vigae na feni. Ni msichana mzuri, ana heshima, anapika, anacheka, lakini kwa nyoka hapana. Mtu akivuta tu mpira wa kumwagilia maua, Evelyn yuko juu ya meza. Na si utani, ilishatokea, meza ikavunjika.

Si unajua Desemba kwetu inavyokuwa. Wachagga wote waliotawanyika wanarudi mlimani, magari yanapanda usiku na mchana, migombani kunawaka taa ambazo mwaka mzima zilikuwa zimezimwa. Basi Desemba ya mwaka juzi Evelyn aliona mkia wa Balozi unaingia kwenye kuni. Mkia tu! Akambeba mtoto wao Eliona, akaingia kwenye gari, akafunga vioo, akalala humo. Krismasi ilipita ndani ya gari. Siku iliyofuata wakaondoka.

Theopista alibaki amesimama getini kwenye masale, yale majani marefu ya mpakani, anapunga mkono mpaka vumbi likaisha. Eliona ndiye mjukuu wake wa pekee. Na ndoto ya Theopista, ile anayoiota hata akiwa anakamua, ilikuwa ndogo tu. Eliona alale kwenye ukingo wa mfongo miguu mitupu. Eliona ayasikie yale maji yanavyoongea. Hivyo tu. Lakini utamlazaje mtoto kwenye mfongo kama mama yake anamlaza kwenye gari?

Akaanza kumtumia Evelyn voisi. Kila wiki. Hakumwambia usiogope, hata mara moja. Alimwambia kichwa. "Mwanangu Evelyn, leo nakuelezea Balozi. Ukimwona, tafuta mistari miwili, kama amevaa miwani ya nyuzi." Wiki nyingine akamwelezea kijani wa migombani. Nyingine swila, anavyonyanyuka na kutanua shingo, na kwamba huyo hupigi naye stori. Nyingine kifutu. "Huyo mnene kama mkono wa Melkior zamani. Mkia mfupi, kama umekatwa. Kichwa kipana, bapa. Mgongoni ana alama kama herufi V zimepangana, moja nyuma ya nyingine. Na haondoki. Analala tu hapo anakusubiri wewe ukosee. Lakini usiwe na wasiwasi, huyo ni wa kule chini kwenye joto. Huku kwetu Kilema baridi inamkatalia. Tangu nizaliwe sijamwona hata mmoja huku."

Mwanzoni Evelyn alikuwa anajibu na imoji za kupiga kelele tu. Baadaye akaanza kuuliza. Macho yake yakoje, mama? Anaenda haraka? Baadaye zaidi akawa anarusha mwenyewe picha za kwenye mtandao, anakisia, anasahihishwa. Mpaka siku moja, Theopista yuko kwenye zizi, voisi ikaingia:

"Mama shikamoo. Desemba tunakuja. Nikikaa wiki nzima bila kukimbilia kwenye gari, Eliona atabaki na nyie mpaka Pasaka. Lakini mama, nikiona pana hatari, tunaondoka naye na sitamleta tena mpaka awe mkubwa. Usinikasirikie."

Theopista alisikiliza hiyo voisi mpaka ng'ombe akapiga teke ndoo.

Basi maandalizi, acha kabisa. Melkior alichonga kigoda kifupi. Theopista akashuka Moshi mjini akanunua mabuti ya mvua ya pinki, madogo kama vikombe. Akasuka kikapu kidogo cha majani. Usiku anaviangalia vimepangwa ukutani, kigoda, mabuti, kikapu, kama mtu tayari yupo ndani yake anasubiri tu kuonekana.

Na Desemba ikafika na wao wakafika. Eliona alikuwa na miaka minne, mashavu, maswali. "Bibi, Balozi yuko wapi?" ndilo lilikuwa la kwanza, kabla hata ya shikamoo. Alikuwa amezisikia voisi zote kutoka mgongoni mwa mama yake.

"Analala. Jioni jioni ndiyo anatoka."

"Ana miwani kweli?"

"Utamwona mwenyewe. Bibi atakupeleka umsalimie."

Siku zikapita vizuri mpaka Theopista akawa anaogopa kupumua. Evelyn alikuwa anatembea kihamba kizima, kweli anaangalia chini kila hatua, simu mkononi, lakini anatembea. Alikula mtori akaongeza. Alimwona kijani mmoja juu ya mgomba, akashika ukuta, akasema polepole, "Madoa shingoni. Macho makubwa. Apite." Akapita! Godwin alimpigia mke wake makofi, Melkior akasema huyu sasa ni Mchagga, tumkatie kiwanja.

Zilibaki siku mbili.

Majani ya ng'ombe yalikuwa yameisha. Wageni wengi, mtu wa kwenda kukata hakuna, basi Theopista akampigia Isack. Isack ana pikapu, anabeba mabua makavu ya mahindi kutoka mashamba ya chini, kule tambarare, anapandisha huku kuwauzia wenye ng'ombe. Watu wote wanafanya hivyo siku hizi. Akaja jioni, akashusha mafungu haraka haraka kwa sababu mvua ilikuwa inanukia, akayalundika ukutani karibu na zizi, pembeni ya kuni. Hakuna aliyewaza lolote. Nani anawaza kuhusu mabua?

Asubuhi kulikuwa na ule ukungu mwembamba ambao kila kitu kinakuwa kama kimechorwa na penseli. Theopista alikuwa kwenye kibanda cha jiko, anamenya ndizi, mikono imejaa utomvu, moyoni anaimba. Eliona yuko nje na mabuti yake ya pinki. Evelyn yuko karibu na ghala, anaanika nguo.

"Mama!" Evelyn akaita. Hakupiga kelele, aliita tu. "Kuna nyoka huku nyuma ya kuni."

"Wa kahawia?" Theopista hakunyanyuka.

"Wa kahawia, ndiyo. Kahawia kahawia."

"Nyuma ya kuni?"

"Ndiyo."

Theopista akatabasamu peke yake na ndizi yake mkononi. Mpaka leo anasema alikuwa anaota na macho wazi. Akajibu kwa furaha kabisa, "Huyo Balozi! Leo amechelewa kulala. Eliona, mjukuu wangu, kimbia ukamsalimie Balozi!"

Na Eliona akaenda. Mabuti ya pinki, chwa chwa chwa, kwenye nyasi zenye umande.

"Eliona, simama."

Ile sauti. Theopista alikuwa hajawahi kuisikia kwa Evelyn. Ya chini, ya taratibu, haina hata chembe ya kelele. Ilikuwa sauti ya bibi yake mwenyewe kwenye mfongo.

"Simama hapo hapo ulipo. Tulia. Usije, usirudi. Mama anakuja kukuchukua." Halafu, bila kugeuka, simu ameinyoosha mbele amezoom mpaka mwisho: "Mama, hana mistari. Nimetafuta kichwani, hana. Kichwa kipana. Mgongoni ana V. Na haondoki, mama. Nimemwita, nimepiga mguu chini, haondoki."

Kisu kilianguka. Theopista alitoka jikoni, akapita nyuma ya Evelyn, akasimama mbali, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo akaangalia kichwa.

Kifutu. Amelala kati ya fungu la mabua na kuni, mnene, mzuri hata, kama zulia la mgeni tajiri limekunjwa. Akatoa pumzi, fsssss, kama tairi la pikapu limetobolewa. Amepanda mlima kwenye gari la Isack, amelala ndani ya mabua na joto lake la tambarare, ameshushwa Kilema kama mgeni mwingine yeyote wa Desemba.

Evelyn alimnyanyua mtoto kutoka nyuma, hatua ndefu za kurudi kinyumenyume, hakumpa nyoka mgongo. Hakwenda kwenye gari. Alimpeleka barazani, akakaa, akamkumbatia kwa mikono miwili.

Isack alipigiwa simu akaja mbio. Yeye huko chini amewazoea, anajua kuwahamisha. Akafukuza watu wote nyuma, akalaza pipa la plastiki la pumba, na kwa fito ndefu kuliko yeye mara mbili akamsogeza yule mnene taratibu, taratibu, fsssss, mpaka akaingia, likasimamishwa, likafunikwa, likafungwa na mpira wa baiskeli.

"Meku, mzee wangu," Isack akamwambia Melkior, jasho linamtoka, "huyu namrudisha porini. Nauli yake nani analipa?"

"Mangi, si ulimleta bure? Mrudishe bure."

Watu wakacheka, kile kicheko cha watu ambao bado wanaangalia kifuniko cha pipa. Theopista hakucheka. Hakuwepo hata. Alikuwa amekwenda kukaa kwenye mfongo.

Maji yalikuwa yanaongea kama kawaida, lakini siku hiyo alihisi yanamwongelea yeye. Alimwona Eliona anakwenda, chwa chwa chwa, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya kumi. Kila mara anasikia mdomo wake mwenyewe unasema kimbia. Ulimwona kichwa? Hapana, bibi. Nilimwona alipolala. Basi hujamwona.

Alivyorudi nyumbani hakungoja kuambiwa. Akaingia chumbani, akatoa begi la Eliona, akakunja kigauni kimoja kimoja. Mabuti ya pinki aliyafuta umande akayaweka juu kabisa. Kikapu kidogo hakikuingia. Akakishika tu.

Evelyn akamkuta hapo.

"Mama, hizi nguo mbona ziko kwenye begi?"

"Nimekurahisishia. Kesho kutwa mnaondoka, barabara itajaa."

"Nani kasema Eliona anaondoka?"

"Evelyn mwanangu." Theopista alikuwa anaongea na kikapu. "Nimemtuma mtoto kwa kifutu. Kwa mdomo huu huu."

Evelyn hakusema "si kitu, mama." Hilo Theopista alilipenda baadaye, alivyokuja kulifikiria. Alikaa kitandani, karibu na begi.

"Kweli ulimtuma," akasema. "Na nimekasirika, mama, nitakasirika mpaka jioni, unisamehe. Lakini ngoja nikuambie kitu. Ingekuwa mwaka jana ningepiga kelele. Mtoto angeshtuka, angekimbia, labda angemkimbilia yeye. Leo nilitaka kupiga kelele ikakataa, kwa sababu nilikuwa na kazi. Nilikuwa natafuta mistari miwili." Akavuta pumzi. "Mwaka jana niliona nyoka. Leo nimeona kifutu. Yaani ni vitu viwili tofauti kabisa, sijui nieleze vipi."

"Usieleze. Nimeelewa."

"Dar nako nyoka wapo, si wapo? Halafu kule hakuna hata mtu wa kumfundisha." Akayatoa mabuti kwenye begi, akayaweka chini, yakatazamana na mlango. "Lakini nina masharti. Mabua yafunguliwe barabarani, yaanikwe juani, ndiyo yaingie. Mabuti muda wote. Na zile wiki mbili za likizo zilizobaki, mimi sirudi. Nabaki hapa. Kuna wengine bado sijawajua."

"Na Godwin?"

"Godwin atajipikia. Ana mikono."

Kutoka barazani Godwin akasema, "Nimesikia!" na Melkior akamwambia mwanangu, mayai si magumu, unavunja tu.

Evelyn akamgeukia tena mama mkwe wake. "Halafu mama, ulisema rangi ni nguo. Sasa mahali? Maana leo mahali ndipo palikudanganya."

Theopista aliangalia dirishani. Nje ukungu ulikuwa unainuka, na kwa juu kabisa, pasipo mtu kuupa taarifa, mlima ukatokea mweupe, ukakaa hapo kama umekuwa ukisikiliza.

"Mahali," akasema mwishowe, "ni nyumba ya kupanga. Leo anakaa huyu, kesho amehamia yule."

Evelyn akacheka, ndipo hasira ikapasuka kidogo, kama maganda ya kahawa. "Hiyo ya Dar kabisa hiyo!"

Jioni, mwanga ule wa kijani ulipoanza kugeuka wa dhahabu, walikaa barazani, Eliona kwenye kigoda chake, mabuti mguuni. Mbali, nyuma ya ghala, kitu chembamba kikatoka kwenye kuni, kikasimama, kikaonja hewa.

Hakuna aliyesema jina. Theopista aliubana mdomo wake kwa nguvu zote. Evelyn alinyanyua simu, akazoom, akamsogezea Eliona.

"Haya. Hesabu."

"Mmoja," Eliona akanong'ona. "Miwili. Bibi! Ana miwani!"

"Basi ndiye," Theopista akasema.

Balozi akazunguka ghala, hakusalimia mtu, akaenda kwenye panya wake.

Simu ya Theopista ikalia. Grupu la jumuiya. Rachel, bila shaka, picha imepigwa kwenye giza giza la migomba: kitu cha kijani, kirefu, kiko kwenye majani. *Dada Theo haraka, huyu ni nani??*

Theopista aliiangalia, halafu akampa Evelyn simu. "Jibu wewe."

Evelyn akaivuta picha, akaivuta zaidi, akainamisha kichwa huku, akainamisha kule. Akabonyeza kitufe cha voisi, na sauti iliyotoka ilikuwa taratibu, nusu kwenye ndoto, utadhani amezaliwa Kilema.

"Tumsifu Yesu Kristo, mama mdogo Rachel. Nimemwangalia kichwa. Kichwa hana, ana koki. Huyo ni mpira wa maji." Akaangalia picha tena. "Mama mdogo, mbona viko vipande vitatu?"